Kidole Si Changu

Nafula, Mama,

Juu ya hii bahasha nimeandika usiifungue hapa Eldoret. Ukishaketi kwa ndege, mkanda umefungwa na hakuna mahali pa kukimbilia, hapo ndipo uisome. Mambo ya sweta, ya kutokula vitu baridi na ya kupiga simu kila Jumapili, mama yako atakwambia mpaka masikio yaume, kwa hivyo mimi nayaruka. Unasafiri kesho. Sasa ni saa tisa mchana, nimefunga cyber, na nje kuna mtu anagonga akitaka kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Wacha agonge. Leo sina mteja mwingine ila wewe.

Wiki tatu zilizopita ulikuja hapa na fomu ya mzazi, ile ambayo chuo kinataka uwape mkononi ukifika kwa sababu hujafikisha miaka kumi na minane. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje. Ukachukua kile kisahani cha wino wa mhuri, ukakifungua mwenyewe, ukanisukumia.

"Baba, weka kidole hapa tu. Niko na haraka."

"Kwani kalamu zimeisha Eldoret nzima?"

"Ni vile wanataka, Baba. Weka tu."

Nikaweka. Nikajipangusa kwa karatasi, nikamgeukia mteja aliyefuata, na maneno yakaisha hapo. Jumatatu ya wiki hii nikawa nakuchapia karatasi zako za safari, na insha yako, ile iliyokupatia skolashipu, ikatoka kwa printa pamoja na zingine. Sikuwa nimewahi kuiona. Ulikuwa umekataa kunionyesha, ukisema unataka kuandika yako mwenyewe, na mimi nilifurahi kwa sababu nilidhani najua maana yake.

Nikaisoma nikiwa nimesimama. Uliandika kwamba baba yako hajui kusoma. Kwamba kila muhula alikuwa anatia kidole gumba kwa ripoti yako ya shule, na jioni ule wino ulikuwa bado uko kwa kidole akikata ugali. Kwamba alikuwa anakushikia koroboi usome, na hakujua kama kitabu unakisoma kikiwa kimepinduliwa au kimesimama sawa. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeketi chini, na sikumbuki kuketi.

Nilikasirika, Nafula. Kisha nikaumia sana. Na katikati ya hayo mawili, wacha niseme ukweli, nilijivunia kidogo, kwa sababu ile sentensi ya koroboi inashinda zote nilizowahi kuandika, na sisi kwetu tumekuwa na stima tangu kabla hujazaliwa. Mama yako umemwacha vile alivyo, anashona sare za shule kwa cherehani yake. Ni mimi peke yangu ulinipunguza.

Sikukuambia siku hiyo. Ningekuambia nikiwa na hasira ningekuwa nimesema maneno ya bure, na tena ungeniuliza swali moja tu. Ungeniuliza, Baba, nilijifunza wapi? Ulijifunza hapa. Ulijifunza chini ya hii kaunta ukiwa na miaka minane, ukifanya hesabu zako za shule huku ukinisikia nikiwaambia watoto wa watu la kuandika.

Unajua nilikuwa msaidizi wa maktaba ya chuo kule Chepkoilel kabla hii cyber haijakuwa. Kazi yangu ilikuwa kurudisha vitabu kwa rafu. Mwaka mmoja vitabu vilivyochakaa vikatolewa, na mimi nikabeba katoni moja ya riwaya za Kimarekani kwa baiskeli mpaka Langas, nikaanguka mara mbili njiani. Karibu zote zilikuwa za watu waliofika Amerika kutoka kwingine. Nilizisoma kama mtu mwenye njaa. Kuna moja, bwana alikuwa mwalimu mkuu kwao, kule akawa anaosha sakafu ya hospitali, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza alikuwa nani. Kuna nyingine, mama anaandikia nyumbani kwamba ako na nyumba yenye bustani, na anaiandika hiyo barua akiwa amelala na koti kwa sababu chumba hakina joto. Kuna kijana aliyekuwa anamkataza baba yake kumfuata shuleni, ili wenzake wasisikie vile anavyoongea. Hiyo ya kijana ilinitoa machozi, na nilikuwa bado sijapata mtoto.

Zile riwaya hazikudanganya. Sitaki uende ukidhani baba yako anasema waandishi ni waongo. Baridi iko, upweke uko, kazi za kuvunja mgongo ziko, na mtu kukutazama kama kiti iko. Lakini nilipofungua cyber na vijana wakaanza kuja kuniomba niwaandikie insha za kuingia vyuo vya huko, nikafungua ile katoni tena, na safari hii sikusoma kama msomaji. Nilisoma kama fundi anayefungua redio ya mtu aone imeshikwa wapi. Na nikaona. Mwanzo uteseke, katikati ushikwe mkono, mwisho ushukuru. Nikaona pia kwamba mzazi aliyebaki nyumbani, kwa hivyo vitabu, mara nyingi ako na kazi mbili tu. Anakufa, ama haelewi.

Basi nikafanya biashara na hiyo. Wote waliniita Mwalimu, na sijawahi kushika chaki. Kuna siku mama mmoja wa Elgon View aliegesha gari kubwa hapo nje, likaziba duka la jirani, akaingia na kijana wake mwenye meno ya waya. Akasema anataka insha ya kuteseka. Nikamuuliza kijana, umewahi kuchota maji? Akafikiria, akasema, "Ndiyo, kwa friji." Nikamwandikia kilomita sita za kwenda mtoni bila viatu. Mama akasoma akatoa kitambaa akapangusa macho, na ni mtoto wake mwenyewe, anajua vizuri alipelekwa shule na dereva. Tulicheka hiyo siku wewe na mimi mpaka ukaangusha vitabu. Nilikufundisha kwamba inachekesha.

Ya Jerop hatukucheka, na hujawahi kuisikia yote.

Jerop alikuwa msichana wa Kaptagat, mkimbiaji. Miguu yake ilikuwa ya kutosha na alama zake zilikuwa nzuri. Mama yake alikuwa anauza maziwa barabarani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mara mbili alimleta hapa mwenyewe na kuniletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwa chupa ya soda. Nilipoanza insha niliona ina miguu na alama tu, haina kilio. Nikaandika kwamba mama alifariki akijifungua kitinda mimba, na Jerop anakimbia ili asisikie ukimya wa nyumba. Nilipenda sana hapo kwa ukimya wa nyumba.

Jerop akaisoma, akaniangalia. "Mwalimu, lakini mama yuko."

"Ni insha tu," nikamwambia. "Nani atatoka kule aje kuhesabu watu Kaptagat?"

Alikuwa na miaka kumi na minane na mimi nilikuwa mtu mzima. Akatuma.

Akaenda. Mwaka wa kwanza alinipigia akasema wamempeleka kwa chakula cha jioni cha wafadhili, wakamwambia asimame asimulie habari ya mama. Akasimulia. Mama mmoja mzee akamkumbatia akilia. Jerop akaniuliza, Mwalimu, sasa nifanye nini? Nikamwambia ashukuru. Mwaka wa pili msichana aliyeishi naye chumba kimoja akamsikia kwa simu akisema "mama," akashangaa. Jerop akasema ni shangazi. Kuanzia siku hiyo, akitaka kuongea na mama yake alikuwa anatoka nje mpaka mahali magari yanaegeshwa, kwenye theluji, anaongea huko akizunguka zunguka asigande.

Mwaka wa tatu mama akaugua kweli, na akafa kweli.

Simu ilinipata hapa kwa kaunta. Hakuwa analia. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia. "Mwalimu, mama amekufa. Nitaombaje ruhusa ya kumzika mama aliyekufa kwa fomu?"

Mimi ndiye mwenye maneno ya kila mtu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia aseme ni shangazi. Kisha akasema, "Nimzike mama kama shangazi, Mwalimu?" na akakata. Baadaye nilisikia alisema hivyo hivyo, na kwa shangazi akapewa siku mbili. Siku mbili haziwezi kukuleta Kaptagat na kukurudisha. Hakuja.

Na hiyo haikutosha. Kaka yake alikuja hapa na picha ya marehemu na karatasi ya mkono, anataka nichape wasifu wa mazishi, ule unaosomwa kaburini. Hakujua chochote. Nikaketi nikachapa: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua kwa muda mfupi. Nafula, yule mwanamke mmoja nilimwandikia kifo mara mbili kwa kompyuta moja, na mara ya kwanza alikuwa hai, anauza maziwa. Nilienda mazishi. Nikasimama nyuma karibu na miti, nikala chakula chao, na watu wakanishukuru kwa kuchapa vizuri.

Ungedhani niliacha. Niliacha kuua akina mama, hiyo tu. Nikaingia kwa ukame, kwa wajomba walevi, kwa nyumba zilizoungua. Kazi sikuacha, kwa sababu nilikuwa naijua na watu walikuwa wananiheshimu kwayo. Nimeiacha Jumatatu, nikiwa nimeketi kwa sakafu na insha yako mkononi. Kile kibao cha insha za ng'ambo nimekitoa. Ulipopita hapa ukienda stendi labda uliona misumari imebaki.

Sasa nisikie kuhusu kidole.

Hicho kidole si changu. Ni cha babu yako. Najua ulikitoa wapi, maana ni mimi niliyekusimulia. Babu yako alitoka Bungoma akaja huku kuvuna ngano kwa shamba la watu, na siku ya mshahara walipangwa mstari, kila mtu anachovya kidole anabonyeza. Mimi nilikuwa mdogo, nilimfuata siku moja. Baada ya kubonyeza alipangusa kidole kwa nyasi, halafu kwa suruali, halafu kwa nyasi tena. Nikadhani ni mchezo, nikachovya changu kwa wino wa karani. Babu yako alinizaba kofi mbele ya watu wote, na hakuwa mtu wa kupiga. Njiani kurudi akaniambia, "Wewe hutachovya. Wewe na watoto wako hamtachovya." Aliuza ng'ombe wake wa pekee nikae shule. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anaficha mkono wa kulia akiona karatasi.

Aibu ya mzee wangu umeichukua ukaifanya pambo la insha. Ukanipatia mimi, mtu ambaye alitolewa aibu hiyo kwa ng'ombe na kofi. Na mimi, kwa haraka ya wateja, nikachovya. Nilimvunjia babu yako neno lake nikiwa nimesimama, sikujua hata. Hapo ndipo panaponichoma, Mama, kuliko kuitwa mjinga mbele ya Wamarekani.

Unaenda kusomea uandishi. Sijawahi kusema, lakini nilipoona kwa ile barua ya chuo kwamba ni uandishi, nilienda nyuma ya cyber nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa furaha. Andika. Ukiandika kitabu na kwa jalada wakisema ni hadithi, niue mara kumi ukitaka. Nifanye mlevi, nifanye kipofu, niozeshe kwa mwanamke mbaya. Nitakinunua hicho kitabu na nitawasomea watu kwa foleni. Msomaji wa hadithi amekubali mwenyewe kudanganywa. Lakini kwa fomu, niache hai na niache na macho yangu. Mtu wa fomu anaweza kukuita jioni, akakusimamisha mbele ya watu, akakwambia tusimulie habari ya baba.

Na watakuita. Mtoto wa baba asiyejua kusoma, anayesomea kuandika, hiyo ni tamu sana kwao, watakutembeza nayo. Mwaka wa kwanza utaona ni mchezo. Halafu siku moja utapokea ujumbe wangu mrefu, maana unajua mimi siwezi kuandika mfupi, na utaufunika mtu asiuone. Utaanza kutoka nje kwa magari kuongea na mimi. Sitaki. Nakataa kabisa. Nimeshaona mtu akiganda hivyo, na ni mimi niliyemtuma nje.

Najua utasema, "Baba, wakijua watanirudisha." Labda. Sitakudanganya leo, nikiwa nimeshaacha. Wanaweza kukuita ofisini, wanaweza kuuliza na lingine gani si kweli, wanaweza kukurudisha kwa ndege inayofuata. Wakikurudisha, utarudi kwa baba anayejua kusoma, na tutatafuta njia nyingine, na anayetaka kucheka aje acheke hapa kwa kaunta nimwone. Lakini pia wewe ulipata A ya Kiingereza bila mimi kukugusa. Wewe ulisoma ile katoni yote kabla hujaingia sekondari, na zile kurasa nilizokuwa nimezibandika pamoja usizione, ulizibandua. Kama walikuchukua kwa kidole changu tu, basi hawajui wamechukua nani, na ni haki yao kuambiwa.

Wala usidhani nakuombea maisha laini. Amerika itakutesa, hata bila kuiba mateso ya wengine. Utaitwa jina lako vibaya. Utalia kwa choo ya watu. Utafanya kazi ambayo hutaiambia mama yako. Ikifika hapo, iwe ni yako, imekupata wewe Nafula binti Barasa wa Langas, ambaye baba yake anavaa miwani na anabishana na redio. Ukiteseka kwa jina la yule msichana wa insha, hata pole utakayopewa haitakufikia, itamwendea yeye.

Ndani ya hii bahasha utapata fomu mbili za mzazi. Ya kwanza ni ile ya kidole, nimeitoa kwa faili lako, samahani kwa kupekua. Ya pili nimeichapa upya, zinafanana kila kitu, ila kwa hii nimetia sahihi. Jina langu lote, na mkia wa B ambao ulikuwa unauiga ukiwa mdogo. Nimeandika pia, mahali pa maoni ya mzazi ambapo hakuna mtu huandika kitu, mistari minne kwa Kiingereza, kwamba mimi ndiye baba, kwamba najua kusoma na kuandika, kwamba insha ya binti yangu ilinipunguza na kosa hilo lilianzia kwangu, na wakitaka maelezo wanipigie. Nimetumia semikoloni mbili, zote mahali pake.

Ofisi inataka fomu moja. Utatoa ile utakayotoa, mimi sitakuwa hapo. Ukitoa ya kidole, bado ni mtoto wangu, nitakutumia mchele na maombi kama kawaida. Ila usinipigie siku moja ukiniomba ninyamaze kwa simu ili wasinisikie. Wakinisalimia nitaitikia, na kwa Kiingereza changu cha maktaba, na nitawauliza wanasoma kitabu gani sasa hivi.

Yule mtu bado anagonga. Wacha nimfungulie, barua ya kazi ni kitu kizuri, nitamwandikia aliyofanya kweli na kama hayatoshi tutaona. Jioni nitakuja nyumbani tule, na sitasema chochote kuhusu haya, kwa hivyo kama nilikutazama sana, sababu ndiyo hii.

Nakupenda, Mama. Nenda.

Ni mimi baba yako, Barasa.

Nimeisoma hii barua mara mbili kabla ya kuifunga.